Nepi Kwenye Geti la Reli

Jumatatu, 3 Machi

Nimezuiwa kazini! Mimi, Rusi, mlinzi wa geti la reli! Tangu nishike bendera hakuna hata kuku aliyegongwa na treni kwenye kivuko changu. Treni haipiti, ni kweli. Haijapita tangu kabla sijazaliwa. Lakini rekodi ni rekodi.

Sababu: nepi.

Mvua ilikuwa imeloanisha kila kitu, na Enoka wangu ana miezi minane na tumbo lisilojua kusubiri. Asubuhi jua likatoka. Nianike wapi? Mti wa geti uko pale, mrefu, una rangi nyekundu na nyeupe. Nikaushusha, nikabana nepi kwa vibanio kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikauinua tena. Zikapepea juu kama bendera za sikukuu. Vijana wa bodaboda wakapiga honi kwa furaha.

Kumbe ni siku ya toroli! Kampuni inatengeneza njia ili treni irudi, na wakubwa wake hupita mara mojamoja juu ya reli kwa kigari chenye injini inayokoroma. Niliposikia ngurumo nikafanya kazi yangu. Filimbi, bendera, mti chini. Nepi nazo chini. Mgeni mmoja akashuka apige picha ya geti. Kibanio kikafyatuka. Nepi ikamkalia kwenye kofia yake ngumu.

Ilikuwa safi. Nilimwambia ilikuwa safi.

Bosi Asanasio, msimamizi wetu, alivimba mpaka shati likalia. Akasema nimeaibisha reli mbele ya watu wa Kampala. Akasema nisiguse geti tena mpaka nitakapoambiwa, na sura yake ilionyesha sitaambiwa. Akachukua jaketi langu la kung'aa. Akachukua filimbi na bendera ya kijani. Nyekundu hakuipata. Alitafuta mpaka chini ya kitanda. Nilikuwa nimeifunga mgongoni, ndiyo iliyombeba Enoka. Enoka alimcheka bosi usoni, mtoto mzuri.

Sasa jambo lenyewe. Chumba hiki kando ya geti ni cha reli. Kazi ikienda, chumba kinaenda. Bosi amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Crispus, mume wangu, analala kwenye kibanda cha nyasi huko Mubuku anakolinda mpunga wa watu, na mtoto hawezi kukaa pale na mbu wale. Kwa hiyo ni Munkunyu kwa mama mkwe. Mama mkwe anasema Enoka si jina, jina ni Mumbere, kama kila mtoto wa kwanza wa kiume milimani kwetu. Ukiita Mumbere uwanjani kwake wanaitika wazee wenye mvi. Anasema hata mtoto wa miezi mitatu ameshatosha kula bundu, ugali wa muhogo. Na mimi nitalala jikoni na sungura.

Siendi. Nitamshtaki Asanasio! Nilisoma sekondari mpaka Senia One, muhula wa pili. Sheria siiogopi.

Jumanne, 4 Machi

Mlinzi mpya amefika. Mackline, mdogo wake mke wa Bosi Asanasio. Kucha ndefu za bluu. Amevaa jaketi LANGU, na kwake linabana.

Nilipanga mpango mzuri sana: kunyamaza. Mti wa geti letu una ugonjwa. Ukishuka hauinuki mpaka uligonge jiwe la uzito kwa nyonga, upande wa kushoto, huku ukivuta kamba. Hakuna anayejua ila mimi. Nikakaa mlangoni kwangu nikimnyonyesha Enoka, nikingoja.

Saa nne Mackline akashusha mti kujaribu. Haukuinuka. Akavuta. Akasukuma. Ukucha mmoja ukaruka. Barabara yote ya kwenda Bulembia ikasimama: malori ya saruji, ng'ombe, mama mmoja na matenga ya nyanya, bodaboda zisizohesabika. Raha iliyoje!

Halafu wakaanza kupiga kelele. Kwangu! Wananijua mimi, Mackline hawamjui. Mama Enoka, umekula nini leo? Mama Enoka, umelala kwenye kamba? Sowedi wa bodaboda akaniambia eti ninaringia mti kama ni wa babangu. Nikajibu mimi nimezuiwa kazini. Sowedi akasema basi nizuiwe baada ya yeye kupita.

Nilivumilia. Kisha Mackline akaja mlangoni, macho yamejaa machozi, akasema, dada yangu, nisaidie, watanipiga. Dada yangu! Aliniamkia vizuri hivyo. Nikampa Enoka amshike, nikaenda nikapiga jiwe kwa nyonga. Mti ukapaa.

Watu wakampigia Mackline makofi. Kwa nini? Alikuwa ndiye mwenye jaketi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya soko Bwera. Nilikwenda kumwona Papa Kakule. Huyu ni Mkongo wa Butembo, mkimbizi, anauza viatu vya mtumba karibu na mpaka. Wanasema kule kwao alikuwa mtu wa mahakama. Nilipomuuliza alikuwa nani hasa mahakamani, akasema alikuwa karibu sana na hakimu. Mkewe Wivine akacheka chini ya meza ya viatu, sijui kwa nini.

Nikamweleza yote. Papa Kakule akafumba macho. Akasema kesi yangu ni kubwa, ni affaire, na yeye moyo wake unawaka akisikia mama wa mutoto anaonewa. Nikamwambia nina mashahidi wengi wa kuwa mimi ni mtu mzuri. Akatikisa kidole. Akasema, kulalamika iko ya kila mutu, Mama Enoka. Sheria inataka kuona na macho. Tunatafuta preuve!

Preuve ni ushahidi wa kushikika. Nimelipenda neno. Nililisema njia nzima kurudi nyumbani. Enoka naye anajaribu: pu, pu, pu.

Malipo yake ni kuku wangu mwekundu. Ni sawa. Alikuwa hatagi vizuri. Sasa nina wakili mwenye uzoefu wa nchi mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Sherehe kwenye uwanja wa stesheni, mahema, soda, spika za kanisa.

Bosi Asanasio alihutubia. Akasema mwanamke ni injini ya nyumba. Akasema reli bila mwanamke ni mabehewa tu yaliyolala porini. (Mabehewa yetu yamelala porini tangu zamani, mbuzi wanazalia humo, lakini sikuona mtu akicheka.) Akasema yeye binafsi wiki hii amempa mwanamke nafasi. Mackline akasimama. Makofi. Hakuna aliyeuliza kwenye nafasi hiyo alikuwa amesimama nani. Mimi nilipiga makofi pia kwa sababu Enoka anapenda makofi.

Lakini nilikuwa na mpango! Wanawake walialikwa kusema neno. Nikapanga mstari na mtoto mgongoni. Nitachukua maikrofoni, nitasema mbele ya wote: huyu alinifungia kazi kwa ajili ya nepi. Nilikariri. Zamu yangu ikafika. Mwenye sherehe akatazama saa, akasema muda umekwisha, mama huyu atufungie kwa sala.

Kwa sala! Nikasema moyoni, nitamshtaki ndani ya sala hiyohiyo, Mungu naye asikie. Nikafumba macho. Lakini nikifumba macho kinywa changu kina njia zake, nimekulia kwenye kwaya. Nikashukuru kwa mvua. Nikaombea wagonjwa. Nikamwombea Bosi Asanasio maisha marefu na cheo kikubwa zaidi.

Amina ilikuwa kubwa sana. Bosi alinipa soda. Nilikunywa. Ilikuwa baridi.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshtaki! Papa Kakule amekuja kutoka Bwera na koti la suti na viatu alivyochagua kwenye biashara yake mwenyewe, vyote viwili vya kushoto. Tukaenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, ambaye husikiliza kesi za watu kama mimi.

Kwenye mlango wa ofisi kulikuwa na afande. Akapiga kelele: Simama hapo! Mama, unaenda wapi? Mtoto wa nini? Nikamwambia ninaenda kushtaki. Akauliza nani. Nikasema reli. Akanitazama juu mpaka chini, mimi na Enoka na Papa Kakule na vile viatu. Akasema, reli ipi, na akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tulimwacha anacheka.

Afisa ni mama wa makamo, anaitwa Laurentine. Anasema polepole, hakati mtu neno. Nikamwambia yote mpaka nepi. Alikohoa muda mrefu kwenye leso. Nadhani ana kifua. Akasema kumzuia mtu kazini bila kumsikiliza ni kosa, na kama ni kweli nilizuiwa, nitarudishwa. Kwa hiyo ninachotakiwa kuonyesha ni kimoja tu: kwamba nilizuiwa kweli. Akasema siku ya kusikilizwa ni Jumatano ya wiki ijayo, na bosi ataitwa.

Kimoja tu! Papa Kakule akasema kimoja ni kidogo, sisi tutapeleka vingi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku gani hii! Nitaandika kwa utaratibu.

Mackline mwenyewe ndiye aliyeniambia toroli la wakubwa litapita leo. (Tunaongea siku hizi. Anambembeleza Enoka vizuri, hilo siwezi kumnyima.) Mpango ukanijia kichwani mzima mzima. Nitafunga mbuzi wangu kwenye reli, mbali kidogo na geti, mahali toroli lina nafasi ya kusimama. Mackline yuko kwenye simu kutwa, hatamwona. Toroli litasimama ghafla, wakubwa watashuka na hasira, watauliza mlinzi yuko wapi. Papa Kakule atakuwa nyuma ya mgomba na simu yake akipiga picha. Preuve!

Nikamfunga mbuzi. Papa Kakule akaingia migombani. Mackline hata kwenye simu hakuwepo: alikuwa ameenda kusuka nywele, jaketi na bendera ya kijani ameviacha kwenye kiti. Bora zaidi! Nikasimama mlangoni nikiwa na Enoka mgongoni. Nikasikia ngurumo kutoka upande wa kilima.

Ndipo watoto wa shule wakatokea. Kundi zima, na madumu ya maji vichwani, wanaimba, wanapita kivukoni bila kutazama. Kwa nini watazame? Maisha yao yote reli ni mahali pa kurukia kamba. Na nyuma yao Sowedi kwenye bodaboda na gunia la mkaa, haoni mbele wala nyuma.

Sikuwaza kesi. Sikuwaza kitu. Nilikimbia. Jaketi nilivaa saa ngapi sijui. Nikamvuta Enoka mbele, nikamshika kwa mkono mmoja, ile bendera nyekundu ikafunguka mgongoni, nikaipunga hewani nikipiga kelele kama mwendawazimu. Watoto wakarudi nyuma, madumu yakamwagika. Nikaachia kamba, mti ukashuka mbele ya pua ya Sowedi. Toroli likapiga breki, likalia, likasimama kabla ya kivuko. Enoka akacheka.

Mkubwa mmoja akashuka. Ni yuleyule wa nepi! Akanipa mkono. Akasema geti hili lina mlinzi. Nilitaka kumwambia kwamba halina. Nilimbusu Enoka kichwani mara nyingi mpaka akachoka.

Papa Kakule akatoka migombani na macho yamelowa. Amepata picha. Na picha zenyewe! Mimi na jaketi, bendera juu, mtoto mkononi, mti chini, wakubwa nyuma, hata tarehe inaonekana. Akasema katika maisha yake yote karibu na hakimu hajaona preuve nzuri namna hiyo.

Mbuzi kumbe alikuwa amekata kamba kabla toroli halijafika. Amekula bendera ya kijani.

Jumapili, 16 Machi

Crispus amekuja kutoka Mubuku na mchele kidogo. Nikamwonyesha picha. Akaitazama sana. Akasema nimependeza. Kisha akakuna kichwa, akauliza taratibu: kesi yako si inasema umezuiwa kazini? Nikasema ndiyo. Akauliza: na hapa unafanya nini? Nikasema ninafanya kazi! Akasema ndiyo maana anauliza.

Nikamwambia asinichanganye. Crispus ni mume mwema, nampenda, lakini kutwa anapiga debe kufukuza ndege kwenye mpunga. Mambo ya sheria atayajulia wapi? Wakili ninaye.

Ameleta pia salamu za mama mkwe. Ameshawahamisha sungura kona moja. Amesaga muhogo wa mjukuu. Anauliza tunafika lini.

Nilimkumbatia Enoka. Jumatano. Jumatano ndiyo kila kitu.

Jumatano, 19 Machi

Nitaandika hata kama machozi yanadondoka.

Tulifika mapema. Bosi Asanasio alikuja na wakili wa kampuni, kijana anaitwa Yonasani, ametoka Mbarara, tai nyembamba kama kamba ya kiatu. Mama Laurentine akafungua.

Yonasani akaanza. Alisema Kiingereza, akaambiwa aseme lugha ya watu, akasema Kiswahili kinachochechemea. Hoja yake: kwenye njia hii hakuna treni. Pasipo treni hakuna zamu. Pasipo zamu, mtu atazuiwaje kuifanya? Akakaa, akarekebisha tai.

Mama Laurentine akamgeukia Bosi Asanasio. Akamuuliza kwa upole: kama hakuna kazi ya kufanywa, wewe msimamizi unasimamia nini? Jasho likamshuka Bosi mpaka kwenye kola. Akasema anasimamia maandalizi. Maandalizi ya nini? Ya treni. Ipi? Itakayokuja. Mama Laurentine akaandika polepole sana, na kila herufi Bosi aliifuata kwa macho. Halafu Bosi akamvuta Yonasani mkono, akamnong'oneza kwa ukali, sisi sote tukasikia: acha hoja hiyo, utatumaliza wote!

Tulikuwa tunashinda! Yonasani alikuwa anapekuapekua mkoba tu kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Ndipo Papa Kakule akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akasema, Mama Afisa, muko na mambo mingi ya kinywa, sasa muone ya macho. Akaweka simu mezani. Preuve!

Simu ikazunguka. Mama Laurentine akaitazama, akanitazama mimi, akavua miwani. Yonasani akaitazama. Hapo nilitegemea aanguke. Hakuanguka. Alitabasamu, akanyoosha tai, na Kiswahili chake kikapona ghafla.

Akasema anaondoa hoja ya kwanza. Akasema sasa anakubali kabisa kwamba kazi ipo, na kazi nzuri. Picha hii ni ya tarehe kumi na nne. Mlalamikaji anadai alizuiwa tangu tarehe tatu. Hapa tarehe kumi na nne yuko zamu, na jaketi la kampuni, bendera ya kampuni, geti la kampuni, anapewa mkono na mkubwa wa kampuni. Huyu hajazuiwa! Huyu ni mfanyakazi wetu na tunamjivunia. Lalamiko halina miguu.

Nikaruka. Nikasema si kweli! Mimi si mfanyakazi! Nimezuiwa! Pale sikuwa kazini, nilikuwa napita tu!

Papa Kakule akasema kwa sauti kubwa kwamba nilikuwa kazini, picha haidanganyi. Nikamkanyaga kiatu cha kushoto. Akaongeza kuwa hakuna mlinzi kama mimi Uganda nzima.

Mama Laurentine akamwuliza Bosi Asanasio: unathibitisha kwamba mama huyu hajawahi kuzuiwa? Bosi akamtazama Yonasani. Yonasani akatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Bosi akasema ndiyo. Mama Laurentine akauliza: kwa hiyo ni mlinzi wako, jana, leo na kesho? Ndiyo. Na chumba ni chake? Bosi akasema kwa sauti ndogo kama ya mbu: ndiyo. Mama Laurentine akaandika yote, akawaambia watie sahihi, wakatia.

Kisha akatoa uamuzi. Lalamiko limetupwa. Rusi hakuzuiwa kazini.

Nimeshindwa! Mbele ya watu wote! Yonasani alimpa Bosi mkono, ingawa Bosi hakuonekana mwenye furaha, alikuwa kama mtu aliyemeza kibanio. Mimi nililia mpaka Enoka naye akaanza. Mama Laurentine akaja akanishika bega, akasema nenda kazini, mwanangu. Na alikuwa anatabasamu! Nilidhani ana moyo. Kumbe anacheka maskini.

Alhamisi, 20 Machi

Jaketi limerudishwa. Filimbi pia. Bendera mpya ya kijani. Bosi aliviweka mlangoni, akaondoka. Chumba ni chetu. Crispus amemwambia mama mkwe tusingojewe. Wanasema alimtangazia muhogo kila Mumbere wa jirani, wakaja wengi.

Mackline hayuko getini tena. Amepandishwa, sasa ni msaidizi wa msimamizi. Ana meza. Anasimamia maandalizi.

Jua lilitoka. Nilianika nepi kwenye mti. Sowedi alipiga honi, watoto wa madumu walinipungia na kila mmoja akatazama kushoto na kulia kabla ya kuvuka. Enoka alikula uji wote.

Lakini roho haitulii. Kila anayepita anajua nimeshindwa. Yule afande wa ofisini alipita na baiskeli, akauliza reli yangu ina hali gani.

Sikuzuiwa! Imeandikwa sikuzuiwa! Na mimi nilizuiwa!

Jumatatu, 24 Machi

Kila kitu kimekaa sawa. Papa Kakule alinipigia simu kutoka Bwera. Anasema hakulala tangu Jumatano. Anasema kesi haijaisha, kuna rufaa, Kampala, kwa majaji wakubwa. Kosa letu lilikuwa moja tu: tulipeleka preuve kidogo. Nimpelekee kuku wa pili.

Nilifikiri Bosi Asanasio atakasirika. Kumbe watu hubadilika! Nilipomwambia nataka kukata rufaa, nithibitishe kabisa kwamba nilizuiwa kazini na sikuwa zamu, uso wake ukang'aa kama jaketi. Akasema kila raia ana haki. Akasema yeye hatanipinga, ataniunga mkono, hata kusema mbele ya majaji kwamba aliteleza na kwamba kweli alinizuia, mimi kazi sina. Amenitafutia nafasi kwenye lori la mataruma ya reli linalokwenda Kampala. Bure! Amenishika mkono kwa mikono miwili. Ile sala ya Siku ya Wanawake haikupotea bure.

Mackline naye amejitolea kunishikia geti mpaka nirudi. Atalala chumbani kwangu, wezi wasiingie. Nimemwachia ufunguo. Nimemfundisha na lile jiwe, upande wa kushoto, kwa nyonga. Anajifunza haraka.

Crispus alipiga simu, alikuwa anataka kusema kitu kirefu, mtandao ukakatika. Nadhani ananitakia heri.

Lori linapiga honi. Enoka yuko mgongoni na bendera nyekundu, safari hii kwa ajili ya ushindi. Safari hii siwezi kushindwa: hata bosi yuko upande wangu. Mungu akijalia, kufikia mwisho wa mwezi majaji wote watakuwa wamekubali kwamba mimi si mlinzi wa geti.